Ramani Ambayo Rubya Inaweza Kuisahihisha

Kanda ya Ziwa ina Rubya mbili zinazojulikana. Moja iko Muleba, mkoani Kagera, kwenye miinuko ya Ihangiro. Hapo ndipo ilipo hospitali ya Jimbo Katoliki la Bukoba, ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya wilaya, pamoja na seminari ndogo iliyolea mapadri na viongozi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingine iko Ukerewe, ambako jina hilo linabebwa na shamba la miti la serikali. Mtu wa Muleba hazichanganyi hata akiwa usingizini. Kompyuta inaweza kuzichanganya mara moja, maana haijui zaidi ya kile ilichoandikiwa. Ndiyo maana, kila ninapoiona ramani kwenye simu, najiuliza kwanza ni nani aliyeiandika na, kama amekosea, ni nani anayeruhusiwa kuifungua na kurekebisha.

Naliona swali hilo la pili kuwa zito kuliko mengine yote. Programu huria za ramani husifiwa kwa sababu ni za bure, na kweli kwa halmashauri yenye bajeti finyu jambo hilo lina maana. Lakini bei siyo kiini. Kiini ni kwamba mhudumu wa afya wa Rubya, mwalimu wa Nshamba na dereva wa bodaboda wa Kamachumu wana haki ileile aliyonayo mhandisi wa Ulaya: kuifungua ramani ileile, kufuta kilichokosewa na kuandika kilichopo, na mabadiliko yao yakaonekana duniani kote ndani ya muda mfupi. Haki hiyo tunayo tayari. Bado hatujaitumia inavyostahili.

Huko nyuma haikuwapo. Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Viktoria kwa mashua yake, Lady Alice, akichora mwambao na visiwa. Safari ile ilithibitisha kwamba ziwa ni moja, kama alivyodai Speke, mpelelezi aliyemtangulia, na ramani zilizochapwa Ulaya zikabadilika. Mwezi Aprili alifika Bumbire, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Wenyeji walimnyang'anya makasia, naye akaponea chupuchupu. Agosti akarudi na kikosi chake na mitumbwi ya Waganda, akawafyatulia risasi watu waliojipanga ufukweni. Maelezo aliyoyaandika mwenyewe, yalipochapishwa magazetini, yaliwachukiza wengi hata Uingereza kwenyewe. Hivyo ndivyo Bumbire ilivyoingia kwenye ramani ya dunia: ikatazamwa kutoka majini, ikachorwa na mtu mwenye bunduki, bila mvuvi hata mmoja wa kisiwa hicho kuulizwa ghuba ipi ni salama upepo unapochafuka.

Serikali za kikoloni, na baadaye serikali yetu, zilifanya kazi bora zaidi ya hiyo. Karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za ndege, ni kazi ya ustadi ambayo hadi leo wapimaji wanaiheshimu. Tatizo lake lilikuwa jingine. Aliyezihitaji alizinunua karatasi kwa karatasi, na karatasi ikishachapwa haibadiliki. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya Watanzania, barabara zikakatwa na nyingine zikafa, zahanati zikajengwa, huku karatasi nyingi zikiendelea kuonyesha nchi ya zamani. Mwenyekiti wa kijiji aliyeona kosa hakuwa na pa kulipeleka zaidi ya kumweleza afisa wa wilaya na kusubiri.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2000, pale Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kifaa kidogo cha mkononi ambacho jana yake kilikosea kwa mita kama 100 sasa kilikosea kwa mita chache, na mtu wa kawaida akaweza kupima njia kwa kuipita tu. Miaka miwili baadaye Gary Sherman, mkazi wa Alaska, alianza kuandika programu ya kutazama data za kijiografia kwenye kompyuta yake. Programu hiyo ndiyo leo tunaiita QGIS. Mwaka 2004 Steve Coast, wakati huo mwanafunzi jijini London, alianzisha OpenStreetMap kwa sababu ya kero moja: ramani za nchi yake zilipimwa kwa kodi ya wananchi, kisha mwananchi huyohuyo akatakiwa kuzinunua. Akawaalika watu wapime mitaa yao wenyewe na kuweka walichopata mahali pamoja.

Tuzitenganishe mbili hizi, maana huchanganywa sana. OpenStreetMap ni data: barabara, majengo, mito, majina, vilivyokusanywa na watu wa kujitolea. QGIS ni chombo cha kuzichambua data hizo, kuzipima na kuzichapa. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Kinachozifananisha ni masharti. Mtu wa Buhaya, kwetu Kagera, atayaelewa kwa haraka akiifikiria rweya, ile nyasi ya wazi iliyozunguka vijiji vyetu. Kibanja kilikuwa cha ukoo au cha mtu, kimepandwa migomba na mibuni, na mpaka wake umepandwa mti wa mlamula. Rweya ilikuwa ya kulishia ng'ombe wa wote na kukatia nyasi za kuezekea, na hakuna aliyetarajiwa kuizungushia ua peke yake. Leseni ya OpenStreetMap inasema jambo la namna hiyo: tumia utakavyo, hata kwa biashara, lakini taja ulikoitoa, na ukiiboresha data hiyo na kuitoa kwa watu, itoe kwa masharti yaleyale. Leseni ya QGIS nayo inamruhusu yeyote kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa, mradi asimnyime mwenzake ruhusa aliyopewa yeye.

Kutokana na ruhusa hizo ikazaliwa jamii ya watumiaji ambayo haina mwajiri mmoja. Wengine huandika msimbo. Wengi zaidi hutafsiri, huandika miongozo, huripoti hitilafu, hufundisha wenzao. Kazi inayofanyika upande mmoja wa dunia huishia kusaidia upande ambao hakuna aliyeufikiria. Mfano ninaoupenda ni InaSAFE, kiongezo cha QGIS kilichotengenezwa kwa ajili ya Indonesia, nchi ya matetemeko na mafuriko, ili maafisa wa maafa waweze kukadiria majengo na watu watakaoathirika. Kiongezo hichohicho kikaja kutumika Dar es Salaam kwa ajili ya Bonde la Msimbazi na mitaa inayofurika kila masika. Hakuna mkataba wa mauziano uliosainiwa kati ya Jakarta na Dar es Salaam. Haukuhitajika.

Afrika Mashariki iliingia mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea na GPS na kuichora Kibera yao, ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa sehemu tupu ilhali maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wanaishi hapo. Januari 2010 tetemeko la Haiti likaionyesha dunia kwamba watu wa kujitolea wakikaa mbele ya kompyuta wanaweza kuuchora mji uliobomoka kwa siku chache tu, na timu ya kibinadamu ya OpenStreetMap, maarufu kama HOT, ikaundwa mwaka huo. Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya Tandale, jijini Dar es Salaam. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wenyeji kuchora mitaro, madaraja, nyumba na maeneo yanayojaa maji. Kampala ikaandaa mkutano wa kwanza wa Afrika wa jamii ya OpenStreetMap mwaka 2017, na Agosti 2018 Dar es Salaam ikapokea mkutano mkuu wa dunia wa programu huria za kijiografia.

Katika kazi yote ya Dar es Salaam, kitu ninachokiona cha thamani kuliko picha za droni zilizotumika ni mipaka ya mashina, yale maeneo ya wajumbe. Wagonjwa wengi wanaofika hospitalini hawana namba ya nyumba ya kutaja, lakini wanamjua mjumbe wao. Wachoraji wakazunguka na wajumbe, wakaonyeshwa shina la fulani linaanzia wapi na kuishia wapi, wakayaweka kwenye ramani. Kukitokea kipindupindu, jina la mjumbe lililoandikwa kwenye fomu ya mgonjwa linageuka kuwa mahali panapoweza kutafutwa. Wazo hilo halikutoka kwenye kitabu cha programu yoyote. Lilitoka kwa watu wanaojua jinsi Watanzania wanavyoelekezana, na programu ikalipokea kwa sababu haikuwekewa kufuli.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, mkoani Mara, kuna mfano unaogusa zaidi. Rhobi Samwelly, ambaye ameongoza nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji huko Mugumu, wilayani Serengeti, alikuwa na tatizo ambalo mtu wa mjini halioni. Msichana, au mtu mwema kwa niaba yake, anapiga simu usiku, anataja kijiji, na gari halijui pa kupita. Mwaka 2015 Janet Chapman na wenzake walianzisha Crowd2Map, ambapo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichora barabara na nyumba za vijiji vya Mara kutoka kwenye picha za setilaiti, kisha wenyeji wenye simu janja wakaongeza majina, shule, makanisa na maduka. Ramani zikawafikia polisi wa dawati la jinsia na wanaharakati. Kwa msichana aliyejificha shambani msimu wa ukeketaji wa Desemba, tofauti ya saa moja barabarani si takwimu ya ripoti. Ni mwili wake.

Sasa turudi Kagera, maana hapa kazi ina ugumu wa aina yake.

Fungua picha ya setilaiti ya eneo lolote la Buhaya la vijijini. Utaona rweya yenye rangi ya nyasi iliyopauka, na ndani yake visiwa vya kijani kibichi kilichokolea. Visiwa hivyo ni vijiji. Nyumba zimo humo ndani, chini ya migomba na miti, na kinachoonekana ni mng'ao wa bati hapa na pale. Mchoraji aliyeko ughaibuni anabofya kona nne za kila paa analoliona na kulipa alama ya jengo. Amefanya kazi ya maana, na ni wajibu wetu kumshukuru. Lakini paa lililofunikwa na majani ya mgomba halioni, jiko la nje analihesabu kama nyumba, na banda la mbuzi vilevile.

Njia ndizo zinazopotosha zaidi. Njia ya miguu inayokatiza rweya huonekana wazi kabisa kutoka angani, kama uzi mweupe, kwa sababu nyasi zimekanyagwa hadi udongo ukabaki mtupu. Ikifika ukingoni mwa kijiji inaingia chini ya migomba na kutoweka. Mchoraji anauishilizia mstari wake hapo, kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo macho yake yalipoishia. Kompyuta inapoombwa itafute njia ya kumtoa mgonjwa kijijini hadi hospitali, inajibu kwamba hakuna njia. Kumbe ipo, hupitwa kila siku na watoto wa shule, na bodaboda hupita bila kusita. Kuiunganisha kunahitaji mtu wa hapo atembee na simu mfukoni ikirekodi, atokee upande wa pili, kisha aupakie mstari huo. Ni kazi ya asubuhi moja kwa kitongoji kimoja, na haiwezi kufanywa na mtu aliyeko Berlin hata awe na moyo mwema kiasi gani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ramani, mgeni ameshakuja, na mwenyeji anatakiwa naye aingie kazini.

Mtu anaweza kuuliza yote haya yana faida gani, maana Muleba watu wamefika hospitali miaka mia moja bila kompyuta. Nitajibu kwa mfano wa umbali. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, lengo la taifa limekuwa zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na kilomita 5 ndicho kipimo kinachotumiwa mara nyingi kusema fulani yuko karibu na huduma au yuko mbali. Afisa mipango akifungua QGIS, anaweza kuweka tabaka la vituo vya afya, akachora duara la kilomita 5 kuzunguka kila kimoja, na kuhesabu vijiji vilivyobaki nje. Ni kazi ya dakika chache, na jibu lake linaweza kuwadhulumu watu. Ardhi yetu ni migongo ya vilima inayokwenda kaskazini hadi kusini, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde, mara nyingi lenye kinamasi. Kijiji kilicho kilomita 4 kwa mstari wa moja kwa moja kinaweza kutembea mara mbili ya hizo kulizunguka bonde, na wakati wa mvua zaidi. Duara linasema wako karibu. Miguu ya mama mjamzito inasema vingine.

QGIS hiyohiyo inaweza kukokotoa kwa njia badala ya duara, na kuongeza mwinuko wa ardhi. Data za mwinuko zilizopimwa kutoka chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000 zinapatikana bure, na tangu 2014 zile za Afrika zimetolewa kwa kipimo cha nukta moja kila mita 30. Kinachokosekana si fedha ya kununulia programu wala data ya vilima. Kinachokosekana ni ile njia chini ya migomba. Bila hiyo, hesabu zote za kitaalamu zinaangukia kwenye duara, na bajeti ya zahanati inafuata duara. Hapa ndipo naona kwamba usahihi wa ramani ni suala la haki, na nalisema hilo nikijua maana yake: kijiji kisichochorwa vizuri kinaweza kunyimwa huduma kwa hesabu iliyo sahihi juu ya data iliyo pungufu.

Kagera imepata masomo makali ya kwa nini jambo hili haliwezi kusubiri. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani. Kujua nyumba ngapi zimeanguka katika kitongoji ni rahisi pale tu unapojua zilikuwa ngapi siku iliyotangulia. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, wa kwanza kuthibitishwa nchini. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kazi kubwa: watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walitakiwa kufuatiliwa kwa siku 21 kila mmoja. Kufuatilia maana yake ni kufika mlangoni, kesho urudi, keshokutwa urudi tena. Waliolifanikisha ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa vitongoji, ambao ramani ya kijiji wanayo kichwani. Nawavulia kofia. Lakini kichwa cha mtu hakiwezi kukabidhiwa timu inayotoka Mwanza au Dodoma usiku, wala hakibaki akiugua yeye. Januari 2025 Marburg ilirudi mkoani humohumo, safari hii Biharamulo.

Dunia iliwahi kujifunza hilo Afrika Magharibi. Ebola ilipolipuka Guinea mwaka 2014, Madaktari Wasio na Mipaka waliomba ramani ya Guéckédou, na watu wa kujitolea wakaichora wakati ugonjwa tayari unatembea. Mwishoni mwa mwaka huo mashirika kadhaa yakaanzisha Missing Maps, kwa nia ya kuchora maeneo yaliyosahaulika kabla ya maafa. Kabla: hilo ndilo neno ninalotamani likae mezani kwa mkurugenzi wa kila halmashauri.

Muleba yenyewe imeshaitumikia sayansi kwa ramani. Utafiti mkubwa wa vyandarua vyenye PBO, kemikali inayoivunja nguvu kinga ya mbu dhidi ya dawa, ulifanyika wilayani humo. Maeneo 48 ya makazi yalitengwa, kila moja likiwa na ukanda wa kulizunguka ili matokeo ya jirani yasichanganyike. Shirika la Afya Duniani likategemea matokeo hayo mwaka 2017 kupendekeza aina hiyo ya vyandarua, na leo watoto wa nchi nyingi wanalala chini yake. Ni heshima kubwa kwa wilaya. Tafiti za namna hii hupima mahali zilipo kaya, na ni sawa kabisa taarifa za kaya za watu zikabaki siri. Ila barabara, madaraja na majina ya vitongoji si siri ya mtu. Ningependa kila mtafiti anayepewa kibali wilayani atakiwe kuviacha hivyo kwenye ramani huria kabla hajaondoka, kama sehemu ya kibali chenyewe.

Nasema hivyo pia kwa sababu ya aina ya fedha zilizokuwa zinaendesha kazi hii. Ramani Huria ilisaidiwa na Benki ya Dunia. YouthMappers, mtandao wa vikundi vya wanafunzi wachoraji ulioenea vyuoni katika nchi nyingi, ulianza kwa msaada wa USAID, na mwaka 2025 USAID ikafungwa. Hapo ndipo uhuru wa data unaonekana thamani yake: mfadhili akiondoka, barabara iliyochorwa haiondoki naye. Lakini ramani isiyotunzwa huchakaa. Daraja husombwa, kambi ya wavuvi kisiwani Goziba huhama, duka la dawa hufungwa. Tukingoja mradi mwingine uje na fulana na posho ndipo turekebishe, tutakuwa tumerudi kulekule kwenye karatasi iliyonunuliwa Dar es Salaam.

Serikali nayo ina hazina mikononi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya Anwani za Makazi. Watendaji wa vijiji walizunguka nyumba kwa nyumba, nguzo za majina ya barabara zikasimikwa, vibao vya namba vikapigiliwa ukutani. Sensa ikahesabu Kagera watu 2,989,299. Majina ya barabara yaliyotoka kwenye vikao vya wananchi wenyewe ni mali ya umma kwa maana zote. Naona yangefaa kuwekwa wazi kwa leseni inayoruhusu kutumiwa na yeyote, majina ya wenye nyumba yakiachwa. Ni wananchi walioyataja.

Na kuna mambo ambayo hayapaswi kuchorwa kamwe. Nyumba salama ya Mugumu haiwezi kutiwa alama ili mwanaume mwenye hasira aifuate kwa simu. Nyumba ya mgonjwa wa Marburg haina haja ya kujulikana na mtaa mzima baada ya yeye kupona. Mipaka ya vibanja, katika nchi ambayo unyarubanja uliwahi kuwafanya watu wapangaji kwenye ardhi waliyoilima na ukafutwa kwa sheria mwaka 1965, inaweza kuamsha ugomvi uliolala kama ikichorwa na kijana mmoja kwa maelezo ya upande mmoja. Kazi hiyo ni ya kamati za ardhi za vijiji, kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na majirani wote wakiwa wamesimama mpakani. Uwazi ninaoutetea una mipaka, na mipaka hiyo inapangwa vizuri zaidi na wanaoishi hapo.

Rubya inaweza kuanza bila kusubiri mtu. Hospitali ina watu wanaotumia kompyuta kila siku. Wanafunzi wa sekondari za jirani wanajifunza usomaji wa ramani kwenye somo la jiografia na huenda hawajawahi kuchora hata kijiji chao. QGIS hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Bando linahitajika kupakia tu. Ianzie wapi? Kwenye njia zote zinazoingia hospitalini, kila moja ifuatwe hadi kitongoji cha mwisho, ikiandikwa kama gari la wagonjwa linapita kiangazi na masika, au kiangazi peke yake. Ramani hiyo ichapwe kwa ukubwa wa kusomeka na kubandikwa mapokezi, na kalamu ya risasi ifungwe pembeni kwa uzi, ili bodaboda aliyemleta mgonjwa aandike hapohapo daraja lililokatika. Kila mwisho wa mwezi mtu mmoja, mwenye jina na zamu yake kwenye ratiba ya kazi, ayachukue masahihisho hayo, ayahakikishe kwa mtendaji wa kijiji husika, na kuyaingiza.